Farasi wangu mpya ananigeuzia makalio kila nikiingia bandani. Nimeuziwa mbovu, au mbovu ni mimi?

MgeniTandikoni aliandika:

Habari zenu wadau. Nitajitahidi kufupisha ingawa najua nitashindwa.

Nimepanda farasi wa watu kwa miaka 4, mara mbili kwa wiki, na siku 11 zilizopita nimepata wa kwangu kwa mara ya kwanza maishani. Ni jike wa miaka 9, kahawia iliyokolea, mguu wa nyuma wa kushoto una soksi nyeupe. Kabla ya kumchukua nilimtembelea mara 3 kwa mwenyewe. Nilimsugua, nikamnyanyua kwato zote 4, nikampanda kwa hatua, kwa matiti (mbio za polepole) na shoti kidogo. Katulia kama maji mtungini. Mwenyewe akaniambia, "Huyu hata mtoto anamwongoza."

Safari ya gari ilichukua saa 5 na alisafiri peke yake. Alishuka kalowa jasho, kinyesi majimaji, kisha akaanza kulia. Alilia usiku wote wa kwanza na nusu ya usiku wa pili. Siku ya pili nikakaa naye saa nzima nampitishia brashi ili tuzoeane. Siku ya tatu nikamzungusha uwanjani kwa kamba, akanivuta njia nzima. Siku ya nne nikamtandika. Nilipokaza mkanda wa tumbo akalaza masikio nyuma, akageuza shingo na kuning'ata mkono juu ya kiwiko. Nilipiga kelele. Sikumpiga, ila nilipiga kelele sana na nikamvuta kamba kwa hasira. Sikujivunia.

Tangu siku hiyo, nikiingia bandani anakwenda kona ya ndani kabisa na kunigeuzia makalio. Uwanjani hanisubiri hata hatua kumi. Nimejaribu karoti: ananyoosha shingo kama twiga, anachukua, na mkono wangu wenye kamba ya kichwa ukitoka tu nyuma ya mgongo, kashaondoka. Siku hizi karoti anaiacha.

Wapo farasi wawili wazee upande wa pili wa jengo, lakini nimeambiwa mgeni atengwe kwanza, kwa hiyo anawasikia bila kuwaona. Chakula nimembadilishia siku ileile aliyofika, kwa sababu alichokuwa akila kwao niliambiwa si kizuri.

Mume wangu anasema nimenunua mnyama wa kutazama. Anatania, lakini inauma. Swali langu: inawezekana alipewa dawa ya kumtuliza siku zile nilizokwenda kumwona? Au ni mimi? Nijibuni tu ukweli.


Fimbo1 aliandika:

Dada, huyo kakupima, kakuona mwepesi. Farasi anataka kiongozi. Mbane kwenye kona, mvishe kamba, mfunge kwa kifupi mpaka alegee, halafu kazini kila siku bila kukosa. Ukimbembeleza mwezi mmoja utakuwa umejifugia mwalimu wako. Na karoti acha, ndizo zilizomharibu.


BiSinga aliandika:

Mwanangu, pole na mkono.

Tumalize kwanza la Fimbo1: usimbane kwenye kona. Mnyama ambaye kinga yake ni mbio, ukimnyima pa kukimbilia anabaki na miguu ya nyuma tu, na hiyo ndiyo anayokuelekezea sasa. Hajakutukana. Anakuambia mapema kwamba hataki ulichokuja nacho. Wapo wasioambia, unajikuta chini.

Nimesoma habari yako mara mbili. Kilichonishtua hasa ni hiyo kamba unayoificha nyuma ya mgongo, kuliko hata meno. Nikacheka peke yangu, maana na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Zamani kidogo nilipata dume la kijivu aliyehasiwa, miaka 14, mpole wa kusifiwa. Wiki ya kwanza nilimshika vizuri. Ya pili akaanza kunikwepa, nami kwa ujanja wangu nikawa naificha kamba ndani ya koti. Nilikuwa na koti moja la kaki lenye mfuko mkubwa. Nilimfukuza uwanjani na koti hilo dakika arobaini, siku moja, mbili, tatu. Basi wiki ya nne nikaenda kumjazia maji tu, kamba nimeiacha nyumbani, koti nimelivaa kwa sababu ya baridi. Aliponiona langoni akakata mbio mpaka mwisho wa uzio. Alikuwa amejifunza koti! Nikaelewa kwamba kwa mwezi mzima nilikuwa namfundisha somo moja tu, na yeye ni mwanafunzi mzuri: huyu mtu akija ana jambo.

Sasa hesabu za kwako. Siku ya kwanza gari. Ya pili saa nzima ya kusuguliwa na mtu asiyemjua, hana pa kwenda. Ya tatu kuzungushwa. Ya nne tandiko, mkanda, kelele. Katika siku nne hizo ulimwendea mara ngapi bila kumtaka kitu? Mara zile tatu ulizokwenda kumwona, alikuwa kwao, na wenzake, saa za chakula anazijua, harufu anazijua. Wewe ulikuwa mgeni kwake, lakini kila kitu kingine kilikuwa kilekile. Sasa ni kinyume, na wewe uliye mgeni bado ndiwe pekee anayeweza kukuegemea. Ndiyo maana jibu langu la swali lako ni kwamba hakuna mbovu hapo, ila mmeanza kwa haraka mno.

Nilichofanya na yule wa kijivu nakueleza kama kilivyokuwa. Niliacha kumpanda. Nikachukua kigoda, nikakaa ndani ya uwanja mkubwa, karibu na uzio, nimempa ubavu. Kazi mkononi: nilikuwa nashona mikanda ya hatamu iliyokatika. Dakika ishirini, kisha naondoka. Siku ya kwanza hakula hata jani, alinitazama tu. Ya pili alikula akiwa mbali. Siku ya sita nikasikia pumzi kwenye sikio. Nilitamani kumshika mpaka vidole vikaniwasha. Sikumgusa. Nilimaliza tundu la sindano nililokuwa nalo, nikainuka polepole, nikaondoka mimi kwanza. Akanifuata hatua tano hivi, akasimama.

Hapo pa kuondoka kwanza ndipo watu wengi wanapoharibu. Farasi akisogea tu, wanamrukia kwa furaha. Ondoka ungali unatakiwa.

Kwa huyo wako, kigoda kisiwe bandani maana ni padogo, ukikaa chini na yeye akashtuka atakukanyaga. Bandani simama mlangoni, mlango wazi nyuma yako, usimfungie njia. Akikuelekezea sikio moja, au akageuza jicho, rudi nyuma hatua mbili. Ndiyo, rudi nyuma. Hiyo ndiyo karoti yake kwa sasa. Atashangaa. Atageuza shingo nzima kukutazama, na hapo rudi tena, kwaheri, nenda zako. Usipite nyuma yake kabisa, wala usimwendee kwa mbele moja kwa moja. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele ya paji la uso karibu kabisa na nyuma ya mkia, kwa hiyo mkono unaotoka juu ya uso wake anauona unazuka. Nenda kwa pembeni, kuelekea bega.

Siku akikuruhusu bega, usimpigepige kofi kama wanavyofanya washindi wa mbio. Farasi hawapigani kofi wakipendana. Mkune pale shingo inapoishia na mgongo kuanza, ndipo wanapotafunana wao kwa wao. Hili lilipimwa: utafiti uliochapishwa 1993, kwa farasi wa Camargue huko Ufaransa, ulionyesha mapigo ya moyo yanashuka farasi akikunwa sehemu hiyo, na hayashuki hivyo akikunwa kwingine. Utajua umepata penyewe mdomo wa juu ukirefuka na kuanza kutetemeka kama mzee anayetafuta neno.

Na kamba ivae begani, waziwazi. Kila siku. Ukiwa unajaza maji, iko begani. Ukiwa unazoa mavi, iko begani. Iwe kama kofia yako. Siku ya kumvisha, mvishe, mkune, mvue, nenda. Yule wangu nilimvisha na kumvua bila kumpeleka popote labda mara thelathini kabla sijamtoa langoni. Hata leo, kila ninapomshika farasi kwa kazi, nahakikisha mara tatu au nne nyingine nimemwendea bila kazi.

Suala la dawa na chakula nawaachia wanaojua zaidi.


KipimaJoto aliandika:

Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, acha nichukue hilo lililoachwa.

Dawa ya kutuliza: kwa siku tatu tofauti, na ukampanda mpaka shoti, sidhani, angejikwaa au kichwa kingening'inia. Wanaotaka uhakika huomba damu ichukuliwe siku ya ukaguzi wa kununua na kuhifadhiwa. Siku 11 baadaye umechelewa, kwa hiyo liache.

Chakula ndicho kilichoniogopesha. Usimbadilishie farasi chakula siku moja. Kinachomeng'enya majani ni vijidudu vilivyo kwenye utumbo wake mpana, na vinahitaji muda kuzoea kipya: siku 7 hadi 14, unachanganya kidogo kidogo. Ukiweza kupata chakula cha kwao hata magunia mawili, kapate, uanze upya. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kosa la chakula linabaki ndani na linaweza kuwa msokoto wa tumbo. Akiparapara chini kwa kwato, akigeuka kutazama ubavu, akilala na kuinuka mara kwa mara, akiacha kutoa kinyesi: usisubiri asubuhi, piga simu.

Majani makavu yawe ndiyo mlo, nafaka iwe nyongeza. Hesabu ya kawaida ni kilo 1.5 hadi 2 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Akiwa na kilo 450 ni kama kilo 7 hadi 9. Usimwachie saa nyingi bila kitu mdomoni, hasa usiku. Mfuko wake wa chakula ni mdogo, lita 8 hadi 15 tu, na unatoa asidi muda wote, ale asile. Safari, upweke na njaa vikikutana vidonda vya tumbo vinaweza kuanza ndani ya siku chache. Na mojawapo ya dalili zake ni hiyo uliyoieleza: kung'ata mkanda wa tumbo unapokazwa.

Sisemi ana vidonda. Sababu nyingine ni tandiko lisilomkaa, mgongo unaouma, au meno. Meno ya farasi huota maisha yake yote na kingo za nje za magego ya juu huwa kali kama msumeno, zinakata mashavu. Muulize daktari aangalie vyote vitatu kabla hamjamwita mkaidi. Ulisema kule alipandika vizuri: uliletewa na tandiko lake au umempa lako?

Karantini ni sawa, wiki 3 kwa kawaida, lakini kutengwa si kufichwa. Mhamishie mahali anapowaona wale wazee kwa umbali wa mita kadhaa bila kugusana pua. Ndoo zake, brashi zake, kamba yake, na wewe umhudumie mwisho, ukimaliza unanawa. Mpime joto asubuhi na jioni, uandike. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Homa hutangulia makamasi na uvimbe chini ya taya, ndiyo maana tunapima. Mapigo ya moyo akiwa ametulia 28 hadi 44 kwa dakika, unayahisi kwenye mshipa unaopita ukingo wa taya kwa ndani. Pumzi 8 hadi 16.

La mwisho, angalia kama analala. Farasi husinzia kwa kusimama, magoti yanajifunga yenyewe, lakini usingizi mzito hauji mpaka alale chini, na halali chini asipojiona salama. Asubuhi tazama ubavuni na makalioni: kuna maranda ya sakafuni yamemganda? Kuna doa la mavi? Doa la mavi ni habari njema, kwa mara moja maishani.


MgeniTandikoni aliandika:

Asanteni. Nimesoma ya BiSinga nikaona aibu, nikasoma ya KipimaJoto nikaona hofu, sijui ipi mbaya zaidi.

Tandiko ni langu. Nililinunua miaka miwili iliyopita, "la kila farasi", nikasubiri farasi. Hana doa wala randa hata moja mwilini. Ni msafi kama yuko kwenye picha, nami nilikuwa nafurahia usafi huo.

Mwenyewe wa zamani nimempigia, anatuma chakula kesho. Aliniambia jambo ambalo sikuuliza mwanzo: kwao alikuwa akikaa na jike mwingine mzee tangu akiwa na miaka 3.

Je, nisimpande kabisa? Mpaka lini?


Kwato4 aliandika:

Wangu alichukua miezi minne, wa jirani yangu siku tano. Usihesabu siku za watu. Kilichonisaidia mimi ni kutembea naye nje kwa miguu, sipandi, tunatoka tu, anasimama anakula jani, tunarudi. Huko nje anatafuta mtu wa kumuuliza "hicho nini?" na mtu huyo ni wewe. Lakini subiri kwanza ashikike na umalize karantini.


Fimbo1 aliandika:

Kigoda! Sasa tunashona mikanda wakati farasi wa kilo 450 anaamua nani aingie bandani. Farasi si paka. Mimi nimewashika wagumu kuliko huyo na hakuna aliyeniuma mara mbili.


BiSinga aliandika:

Fimbo1, naamini hawakukuuma mara mbili. Ningependa kujua wangapi walikuja wenyewe langoni.

Ila nikupe haki yako, kuna kitu umekigusa. Upole si kumwachia akukanyage. Mgeni, siku ukianza kumwongoza na akakusukuma kwa bega, msimamishe palepale, mrudishe nyuma hatua mbili, endelea na safari. Hapohapo, kwa utulivu, ukimaliza umemaliza. Kinachowachanganya ni leo kuruhusiwa na kesho kukaripiwa kwa jambo lilelile. Na saa ziwe zilezile: maji, majani, usafi. Farasi mwenye ratiba ana wasiwasi mmoja pungufu.

Kuhusu nani anaamua nani, nikupe kisa cha kweli. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin, kulikuwa na farasi akiitwa Hans. Mwaka 1904 dunia nzima ilikuwa ikimzungumzia: anajumlisha, anatoa, anagonga jibu kwa kwato. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akamchunguza kwa makini. Muulizaji asipojua jibu, Hans hajui. Hans asipomwona muulizaji, hajui. Kumbe alikuwa akigonga huku anamtazama mtu, na kwato ikifika kwenye jibu mtu yule anainua kichwa kidogo sana, kiasi ambacho yeye mwenyewe hajijui. Hans anaacha kugonga.

Sasa mnyama anayeona kichwa kikiinuka kiasi hicho, wewe unamfichia kamba ya mita mbili nyuma ya mgongo? Bega limepanda, pumzi umezibana, macho umeyakaza kwenye shingo yake. Alishaiona kamba ungali langoni. Kabla hujaingia, toa pumzi yote nje, tazama kwato zake badala ya macho. Kama siku hiyo una hasira, mpe majani juu ya mlango, nenda zako.

Kumpanda: acha mpaka daktari aone mgongo na mdomo. Baada ya hapo yeye ndiye atakayekuambia. Mwekee tandiko bila kulikaza. Akigeuza kichwa kung'ata, bado.


MgeniTandikoni aliandika, siku ya 19:

Taarifa fupi. Chakula cha kwao kimefika, tunachanganya upya. Joto 37.8, 37.9, 37.7, nimeandika kwenye ukuta kwa chaki. Nimemhamishia banda la mwisho, anawaona wale wazee kwa mbali kama mita nane. Alilia mara moja, wakamjibu, akala. Basi. Usiku mzima kimya.

Kamba iko begani hata nikiwa jikoni, mume wangu ananiuliza kama nina mpango wa kumfunga yeye.

Jana niliharibu. Alisogea mpaka nikamgusa bega, mara ya kwanza, nikapata tamaa nikapeleka na mkono wa pili na kamba. Akaondoka, na leo asubuhi makalio tena. Nilikaa mlangoni nikalia kidogo, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kama nilivyoelekezwa, bila hata sikio kunielekea. Sijui kama hiyo inahesabika.


BiSinga aliandika:

Inahesabika. Jana ulipoteza siku moja, si kumi na tisa. Kesho simama mbali kidogo kuliko jana.


MgeniTandikoni aliandika, siku ya 41:

Samahani kwa kimya. Karantini imekwisha salama. Tulimweka jirani na wale wazee, uzio katikati, siku nne, halafu tukawafungulia kwenye uwanja mkubwa majani yakiwa yametawanywa marundo matano kwa farasi watatu ili asikose pa kula. Walikimbizana, akapigwa teke moja la hewani, jioni akawa anatafunana mgongo na yule mkubwa.

Daktari alikuja. KipimaJoto ulikuwa sahihi zaidi ya nilivyotaka: shavu la kulia lina kidonda ndani, magego yamesuguliwa. Na mgongoni, nyuma ya bega la kulia, akibonyeza kwa kidole ngozi inaruka na masikio yanakwenda nyuma. Hapo ndipo tandiko langu linapobana. Kwa hiyo siku ile aliponing'ata alikuwa ananijibu, na mimi nikampigia kelele. Vidonda vya tumbo daktari hakuona dalili nyingine, amesema tuendelee na majani ya kutosha, tumwangalie.

Sijampanda. Anashikika. Anaingiza pua mwenyewe kwenye kamba, si kila siku, labda siku nne kati ya tano. Siku ya tano namsalimia naondoka, na kwa kawaida jioni anakuwa amebadili mawazo. Pale pa kukunwa nimepapata, mdomo unarefuka kweli, nimecheka mpaka akashtuka. Na juzi asubuhi, ubavu wote wa kushoto, maranda na mavi. Nimempiga picha. Mume wangu anauliza kwa nini nampiga picha mnyama mchafu.

Sasa tandiko. Nataka kumtafutia linalomkaa lakini sitaki kubahatisha mara ya pili. Napimaje mgongo nyumbani, ili niende na kipimo mkononi?


KipimaJoto aliandika:

Tafuta waya laini unaopindika na kubaki ulivyopinda, urefu wa nusu mita na zaidi. Asimame sawasawa kwenye sakafu tambarare, miguu minne, kichwa usawa wa kawaida, si akila. Papasa mfupa wa bega, pima vidole vitatu nyuma yake, hapo ndipo laza waya kuvuka mgongo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ubonyeze ushike umbo, unyanyue bila kuuminya, uulaze juu ya boksi la karatasi ngumu, uchore kwa kalamu. Andika KULIA na KUSHOTO, watu husahau. Kisha rudia mahali pawili zaidi: katikati ya mgongo, na pale mbavu ya mwisho inapokutana na mgongo, tandiko lisivuke hapo. Kata boksi kwa umbo hilo, uende nalo.

Na umbo litabadilika akianza kazi na misuli ikijaa, kwa hiyo pima tena baada ya miezi mitatu.


BiSinga aliandika:

Waya uutundike bandani leo, kabla ya kumgusa nao. Aunuse kwanza.


MgeniTandikoni aliandika:

Umetundikwa. Ameunusa, ameulamba, ameuangusha. Napima kesho.